Nitajuaje kwamba protini inatambua DNA iliyoharibika, wala si DNA yoyote?

Mwanafunzi wa Malindi
Assalaam aleikum. Niko nyumbani Malindi nikiandika pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu protini zinazotambua DNA iliyoharibiwa na mionzi ya urujuanimno, suala linalonigusa kwa kuwa pwani yetu ina jua kali. Nakusudia kukipiga kipande cha DNA chenye alama ya fosforasi-32 mionzi ya nanomita 254, kukichanganya na protini zilizotolewa katika viini vya seli, kisha kukipitisha kwenye jeli, ambamo DNA iliyoshikwa na protini husafiri polepole na kuacha bendi ya juu. Je, bendi hiyo ni ushahidi wa kutosha?

Jirani wa Shela, Lamu
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Haitoshi. Kiini cha seli kimejaa protini zinazoshika DNA yoyote, na mojawapo, Ku, hushika ncha za DNA, hivyo itakivamia kipande chako hata kikiwa kizima. Ongeza kwa wingi DNA shindani isiyo na alama: katika mrija mmoja iwe nzima, katika mwingine iwe imepigwa mionzi. Bendi ikifutwa na ile iliyoharibika lakini ikastahimili ile nzima, hapo una hoja. Tafuta pia seli za kulinganishia. Mwaka 1988 Chu na Chang walionyesha kwa njia hiyo ya jeli kwamba bendi hii hukosekana katika seli za baadhi ya wagonjwa wa xeroderma pigmentosa kundi E, ugonjwa unaoifanya ngozi ishindwe kustahimili jua, na kwangu mimi huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote.

Mwanafunzi wa Malindi
Shukrani sana. Na mbinu ya Southwestern, inayohamishia protini kwenye utando kabla ya kuzijaribu kwa DNA?

Maalim wa Biokemia
Itakupa makadirio ya uzito wa protini, lakini SDS, sabuni inayokunjua protini katika mbinu hiyo, hutenganisha protini zinazofanya kazi kwa kuungana, kama DDB1 na DDB2 ambazo pamoja hutambua DNA iliyoharibika, na zilizokunjuka si zote hurudia umbo lake. Afadhali ubaki na jeli, uongeze kingamwili dhidi ya DDB2; bendi ikipanda juu zaidi, protini hiyo imo. Ukitaka kujua ni uharibifu gani unaotambuliwa, itibu kwanza DNA kwa fotolaiasi, kimeng'enya cha bakteria E. koli, chini ya mwanga, maana hurekebisha dimeri za pirimidini (herufi jirani za DNA zilizounganishwa na mionzi kwa pete) na kuacha uharibifu wa aina ya 6-4, ambamo herufi hizo zimeungana kwa namna nyingine.