Mjadala: Kenya ibaki Jumuiya ya Afrika Mashariki au ijitoe?

Mwanzisha mada, Malindi

Tangu Tanzania ilipotoa amri ya Julai 2025 kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa kwa simu, saluni na uongozaji watalii, maneno ya "tujitoe" yamekuwa mengi vibarazani. Wanaoyasema hawakosi kutaja vifaranga 6,400 ambavyo Tanzania iliviteketeza mpakani Namanga mwaka 2017, na ng'ombe wa wafugaji wetu walionadiwa mwaka huohuo. Tujadili kwa hoja. Anayesema tubaki au tutoke, aeleze ni nini hasa kitakachobadilika kwa gunia la mchele na gunia la machungwa yanayofika huku kwetu.

Mfanyabiashara wa jumla, Lamu

Mimi nasema tujitoe. Soko la Pamoja lilianza kazi tarehe 1 Julai 2010. Mkataba wake unampa raia wa nchi mwanachama haki ya kusafiri, kufanya kazi na kufungua biashara. Leo Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania humdai pasipoti. Amri hii mpya imemaliza hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Tazameni pia mpaka wetu wenyewe. Somalia ni mwanachama kamili tangu Machi 2024. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kufungua mipaka kwa awamu, na njia ya Kiunga, upande wetu wa Lamu, na Ras Kamboni, upande wa Somalia, ikapangiwa kufunguliwa ndani ya siku 90. Julai mpango ukaahirishwa baada ya mashambulizi. Uanachama haukumfungulia njia mtu wa Kiunga. Na bomba la mafuta ya Uganda, lililotarajiwa kushuka Lamu, mwaka 2016 Uganda ililipeleka Tanga. Jumuiya haikuwa na neno.

Zaidi ya hayo, kila mwaka tunakwenda Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kuomba ruhusa ya viwango vyetu vya ushuru. Mchele ni chakula chetu cha kila siku. Kwa nini tuombe ruhusa ya kuupunguzia ushuru?

Wakala wa forodha, Malindi

Ndugu yangu wa Lamu, la amri ya Tanzania tuko pamoja: inakiuka Soko la Pamoja. La mchele sikubaliani nawe, na nitaliweka kwa hesabu.

Ushuru wa pamoja wa nje, yaani unaotozwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya, kwa mchele ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani, vivyo hivyo kinachozidi. Chukua tani ya mchele wa Pakistan yenye thamani ya dola 450 pamoja na bima na nauli. Asilimia 35 ni dola 157.50, kwa hiyo unalipa dola 200. Kwa kiwango cha pamoja ungelipa 345. Nafuu ya dola 145 kwa tani tayari tunayo tukiwa ndani. Gharama yake ni kwamba mchele huo uliolipiwa ushuru mdogo hauna haki ya kuvuka kwenda Uganda au Tanzania bila kulipiwa tena. Mchele wa Mbeya unaingia Kenya kwa ushuru sifuri. Tukijitoa, huo wa Mbeya ndio utakaopoteza sifuri yake, na mlaji wa Malindi ndiye atakayeilipa.

Sasa kujitoa kwenyewe. Kifungu cha 145 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka azimio la bunge la taifa liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kwetu ni wabunge 233 kati ya 349. Kisha nchi inampa Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi 12. Katika miezi hiyo wajibu wote unaendelea, na madeni na ahadi za muda mrefu zinabaki hata baada ya kuondoka.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni sheria ya forodha. Kenya haina sheria yake kamili ya forodha. Inayotumika Kilindini, Lamu na Lungalunga ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na kitabu cha viwango vya ushuru ni cha Jumuiya. Siku notisi inapoisha, nini kinampa ofisa uwezo wa kukamata shehena, kukadiria thamani au kurudisha ushuru uliozidishwa? Itabidi sheria mpya na kitabu kipya cha viwango viwe tayari usiku huohuo. Hata mwezi mmoja wa pengo utawapa waagizaji wakubwa sababu ya kwenda mahakamani na kugomea kila bili.

Mfanyabiashara wa jumla, Lamu

Sheria huandikwa. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya na haikuzama. Mali, Burkina Faso na Niger zimetoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, tangu Januari 2025. Nasi tuna COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na tuna soko huru la Afrika nzima. Bidhaa zitapita humo.

Wakala wa forodha, Malindi

Hapo ndipo penye jambo lenyewe kwa mtu wa Pwani. COMESA ina Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia. Haina Tanzania, ambayo ilijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo mwenye kiwanda Nairobi anayeuza Kampala ana mlango wa pili. Sisi ambao vitunguu, mchele na machungwa yetu yanapita Horohoro, mpakani na Tanzania, hatuna. Tutabaki na soko huru la Afrika peke yake. Humo asilimia 90 ya bidhaa zinaondolewa ushuru hatua kwa hatua, kwa miaka mitano, au kumi kwa nchi zenye maendeleo duni, na Jumuiya ilipeleka orodha moja kama kundi. Kenya ikitoka itaandika orodha yake upya na kuijadili upya. Na kwa sheria za biashara za dunia huwezi kumpa Mtanzania sifuri na kumnyima Mpakistani, ila mwe na mkataba wa biashara huria baina yenu.

Uingereza uliyoitaja ilitoa notisi Machi 2017, ikatoka Januari 2020, na mkataba wake wa biashara na Ulaya ukatiwa saini tarehe 30 Desemba 2020, siku moja kabla ya kipindi cha mpito kwisha. Nchi tajiri, maofisa tele, na bado ilichukua karibu miaka minne.

Muuza nafaka na matunda, Malindi

Naomba tushuke mpakani, maana ushuru umeshaondolewa na bado mali inaoza.

Shehena isiyozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa palepale mpakani cheti rahisi cha uasili, kinachothibitisha kuwa bidhaa imetoka nchi mwanachama. Kinachozidi hapo kinahitaji cheti kamili kutoka kule bidhaa inakotoka, kabla lori halijaondoka. Kosa la kwanza la wachuuzi ni kudhani cheti cha uasili kinamaliza kila kitu. Hicho kinaondoa ushuru tu. Machungwa ya Muheza bado yanataka cheti cha afya ya mimea cha Tanzania na kibali cha KEPHIS, idara ya Kenya ya ukaguzi wa afya ya mimea, kilichochukuliwa mapema. Namba ya lori ikitofautiana na iliyoandikwa, au uzito ukizidi ulioandikwa, gari linawekwa kando. Machungwa yaliyofunikwa turubai juani huanza kutoa maji upesi, na ya chini ndiyo yanayopondeka kwanza. Mpaka yafike soko la Kongowea Mombasa, kisha Malindi, kisha gati la Mokowe yakapakiwe mashua ya Lamu, aliyenunua magunia mia hauzi magunia mia.

Mahindi yana taabu zaidi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya iliyazuia ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka. Zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kiwango chenyewe ni sawa, sumu hiyo huharibu ini. Tatizo ni upimaji. Kuvu hukaa mafungu mafungu, hivyo ukichoma bambo, chuma cha kuchotea sampuli, kwenye magunia matano ya juu utapata jibu moja, na mwingine akichoma ya katikati atapata jibu jingine. Sampuli ya haki huchotwa magunia mengi, juu, katikati na chini, ikachanganywa, ikasagwa, ndipo ipimwe. Na mahindi yaliyotoka Tanzania na unyevu wa asilimia 13.5, yakilala siku kadhaa chini ya turubai lililolowa, hayafiki na unyevu uleule. Maabara za pande mbili zikubaliane namna ya kuchota sampuli, na kipimo cha upande mmoja kikubaliwe upande wa pili. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inaruhusu hilo. Kujitoa hakutapunguza kipimo hata kimoja. Kutaongeza ushuru juu yake.

Mfanyabiashara wa jumla, Lamu

Nimekubali hoja ya COMESA, sikuwa nimeitazama kwa upande wa Tanzania. Lakini hamjanijibu kuhusu amri. Mwenzako akivunja mkataba na hakuna linalompata, kubaki ndani kuna maana gani? Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983, na mgawanyo wa mali ukatiwa saini 1984. Tusingoje tufike huko ndipo tuseme.

Mwanasheria, Malindi

Mfano wako wa 1977 unaniogopesha kwa sababu iyo hiyo: mpaka uliofungwa miaka sita ulikuwa huu wetu.

Linaloweza kumpata mvunja mkataba lipo. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka sheria, amri au uamuzi wa serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Si lazima uwe serikali, wala huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nchi yako. Kampuni ya sigara ya BAT ya Uganda ilifanya hivyo, kupinga kodi iliyobagua sigara zilizotengenezwa Kenya, na mwaka 2019 ikashinda. Mahakama iko Arusha, lakini ina masjala ndogo Nairobi, kwa hiyo karatasi hazihitaji kuvuka mpaka.

Udhaifu upo na tusiufiche. Mahakama haina polisi, na serikali inayokaidi husubiri shinikizo la wakuu wa nchi, ambao huamua kwa maafikiano ya wote. Udhaifu wa pili ni muda. Una miezi miwili tangu amri itolewe au tangu uijue, na Mahakama imekataa hoja ya kwamba ukiukaji ungali unaendelea. Amri ile ilitoka mwisho wa Julai 2025. Vyama vyetu vya wafanyabiashara, Lamu na Malindi, vilikuwa na Agosti nzima na karibu Septemba yote. Ikitoka nyingine, tarehe ya gazeti la serikali ndiyo ya kuandika kwanza ukutani, kisha tupige hesabu kuanzia hapo.