Naombeni msaada wa fasta: passive voice kwa tense zote 12, kuna fomula moja?

Jogoo la Shamba
Habari za jioni wakuu. Kichwa kimegoma kabisa. Nataka kubadili sentensi za active kwenda passive kwa tense zote 12, present simple naiweza, "Asha cleans the room" inakuwa "The room is cleaned by Asha", hapo freshi, ila nikifika "has been cleaning" kila kitu kinavurugika. Kuna fomula moja inayobeba zote? Msinitukane tafadhali, nina presha.

Kisiki
Uko form ngapi dogo?

Ticha Mstaafu
Fomula ipo na ni moja. Angalia kitenzi cha active kiko tense gani, hiyo tense ivalishe "be", halafu kitenzi chenyewe kiweke V3, yaani past participle, ile ya tatu kwenye eat, ate, eaten. "Cleans" inakuwa "is cleaned". "Cleaned", "was cleaned". "Is cleaning" inakuwa "is being cleaned", "has cleaned" inakuwa "has been cleaned", "will clean" inakuwa "will be cleaned". Wengi wanachanganya being na been, being inakuja na continuous, been inakuja na perfect, basi. Ni ya mtihani au?

Mama Madera
Mwalimu wetu alikuwa anatuchapa kwa kila "was" iliyokosewa, mpaka leo nikisikia grammar mkono unawasha. Na nauza madera, sijawahi kuona mteja ameniuliza passive. Kijana tafuta hela.

Jogoo la Shamba
Shukrani sana ticha. Siyo mtihani, ni mambo ya kazi tu.

Kisiki
Kazi gani inayotaka passive voice Jumapili usiku? Funguka.

Jogoo la Shamba
Haya bwana. Kesho asubuhi nina usaili shule moja ya inglish midiam, wameniambia niandae demo ya darasa la sita, mada ndo hiyo. Mimi nimesomea Historia na Kiswahili ila kwenye CV niliandika na English. Msianze kunishambulia, nafasi za Historia mnajua zilivyo, mtu anakaa nyumbani mpaka cheti kinabadilika rangi. Na manila nshaandika kwa maka peni, jedwali la tense 12, imebaki mistari minne tu.

Ticha Mstaafu
Hiyo minne ndo uifute. Future continuous na zile perfect continuous tatu, passive zake kwa kawaida hazitumiki, utamsikia nani anasema "The room will have been being cleaned"? Zinabaki 8, na kwa demo hata 8 ni nyingi mno, chukua present simple na past simple, watoto wafanye wenyewe ubaoni. Weka na mtego mmoja, "The guests arrived", waambie wabadilishe. Haibadiliki, haina object. Watoto wetu wanaanguka hapo kwa sababu Kiswahili kinaruhusu, tunasema nimefiwa, tumenyeshewa, basi na yeye anaandika "I was died". Ukilieleza hilo mbele ya paneli watakaa vizuri kwenye viti.

Jogoo la Shamba
Nakuelewa mzee wangu ila mistari nimeshachora 12 na manila nyingine sina, nikiacha tupu wataona sijui. Bora nijaze tu, sidhani kama watakagua mstari kwa mstari.

Binti Usangu
Watakagua kaka. Nilishawahi kukaa kwenye paneli, akaja mkaka smati, suti, viatu vinang'aa, kila sentensi anamalizia na by. "My phone was stolen by someone." Tukamuuliza huyo someone ana faida gani hapo, kama mwizi hajulikani si umwache tu? Akatoa jasho mpaka huruma.

Mjomba Kibao
Mi toka nioe naishi kwenye passive. Naulizwa, napangiwa, nanunuliwa mashati. By nani sisemi.

Muumini Safi
Mnacheka wakati mtu amedanganya kwenye CV? Wazazi wanalipa ada wanyimwe usingizi na mikopo halafu mtoto afundishwe na mtu aliyejifunza jana usiku. Riziki ya hivyo haina baraka.

Kisiki
Wakuu tulieni kwanza. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwezi uliopita huyu alikuwa anaomba ushauri wa kuku wa mayai, akasema aliishia form four. Leo kasomea Historia. Hii ni homuweki ya mtu, mnafanyishwa.

Mama Madera
Na mi nilishaanza kushangaa, darasa la sita tense 12? 😂

Jogoo la Shamba
Ule uzi aliandika shemeji yangu, tunatumia simu moja.

Mjomba Kibao
Kumbe uzi "was written by shemeji" 😂😂

Ticha Mstaafu
Hata kama ni homuweki mi sijapungukiwa na kitu.

Kisiki
Basi tumpime. Jogoo, tupe passive ya "They had been feeding the chickens", bila kugugo.

Jogoo la Shamba
"The chickens had been being fed." Na kwenye manila nshaijaza, wino umekauka.

Ticha Mstaafu
Eeh Mola.

Binti Usangu
Nenda hivyohivyo kaka, ila manila ikunje hapo chini.

Pembe Tatu
Samahani naingilia, hiyo shule hawatafuti ticha wa Hesabu?