Je, kila piano ya polepole ni minimalizimu?

Sauti_ya_Nne:
Wakuu salaam. Nafundisha kwaya ya usharika wetu hapa Morogoro na kinanda napiga mwenyewe. Muziki wa klasiki nimeuokoteza tu, darasa sikukaa. Jumamosi baada ya mazoezi kijana wetu wa sauti ya tatu alitusikilizisha kwenye simu kipande cha piano cha Ludovico Einaudi, akatutangazia kuwa hiyo ndiyo minimalizimu. Nikabisha. Nilichosikia mimi ni wimbo mtamu wenye kodi nne (za kinanda, si za TRA). Akanijibu: "Noti chache, zinarudiwa, basi." Sasa kama ni hivyo, mapambio yetu nayo ni minimalizimu? Pambio moja tunalizungusha robo saa bila kuchoka. Na Boléro ya Ravel ya 1928, kile kipande cha okestra, ambayo ngoma inapiga kile kile mwanzo hadi mwisho? Naomba kueleweshwa, mpaka uko wapi?

fundi_kanda:
Mkuu, mimi ni mstaafu. Nilikuwa fundi mitambo studio, enzi za kanda zile pana zinazozunguka kwenye magurudumu mawili, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua.

Mashine mbili za kanda, hata ziwe za kiwanda kimoja, haziendi sawa kabisa. Ukizianzisha pamoja na sauti ile ile, baada ya muda moja imeitangulia nyenzake kidogo, kisha zaidi, kisha unasikia mwangwi, kisha vurugu. Kwetu huo ulikuwa ugonjwa, tunachukua bisibisi. Sasa Steve Reich, mtunzi wa Marekani, mwaka 1964 alimrekodi mhubiri wa Kipentekoste San Francisco akihubiri gharika ya Nuhu. Akakata kipande kifupi cha maneno, akakifunga kizunguke kwenye mashine mbili. Zikaanza kuachana, naye bisibisi hakuigusa. Hiyo ndiyo It's Gonna Rain ya 1965. Mwaka 1967 akawapa wapiga piano kazi ya mashine: katika Piano Phase wote wawili wanapiga mzunguko wa noti 12, mmoja hatikisiki, mwenzake anaharakisha kidogo kidogo mpaka awe mbele kwa noti moja kamili. Wanatulia hapo, halafu safari inaendelea.

Kipimo changu ni hicho. Kurudia peke yake hakutoshi, hata jogoo anarudia. Lazima kuwe na jambo linalotendeka ndani ya kurudia, na wewe msikilizaji ulisikie likitendeka, kama unavyoona kivuli kikihama ukutani. Terry Riley kwenye In C (1964) ameandika vipande vidogo 53. Kila mpigaji anarudia kipande mara apendazo kabla ya kwenda kinachofuata, wote wakishikiliwa na pigo moja lisilokoma. Philip Glass kwenye kazi zake za 1969 anaongeza noti moja kwenye fungu, tena moja, kisha anapunguza.

Kwa hiyo Boléro ni babu wa mbali: ngoma haibadiliki, lakini kinachokubeba ni okestra inayofura. Pambio? Pambio linarudiwa ili watu waingie, hakuna anayelifuatilia linageukaje. Einaudi ni mtunzi wa nyimbo aliyepita mtaa huo akaondoka na samani mbili tatu. Sisemi ni mbaya. Mke wangu anampenda.

AltoTanga:
Shikamoo mzee. Kwa kipimo hicho Arvo Pärt, yule mtunzi wa Estonia, unamtupa nje? Kipande chake cha piano Für Alina cha 1976 ni kurasa mbili tu, haina pigo, hakuna kinachoachana wala kuongezeka ambacho sikio linakifuata. Na bado watu wanaiita minimalizimu, wengine wanaongeza "takatifu". Nadhani umechagua kipimo cha Reich halafu umeshangaa Reich anafaulu.

fundi_kanda:
Marahaba mwanangu, hapo umenibana. Nijitetee kidogo. Pärt ana sheria kali kuliko Reich: sauti moja inatembea ngazi kwa ngazi, nyingine hairuhusiwi kugusa ila noti tatu za kodi ya msingi. Ila ni kweli sheria hiyo unaihisi tu, huisikii ikitembea. Basi namweka barazani, ndani bado. Na jina lenyewe la minimalizimu lisitusumbue sana. Michael Nyman alilitumia mwaka 1968 akiwa mhakiki wa muziki Uingereza, na Glass mpaka leo halipendi.

Muzukulu256:
Niko Kampala. Nyumbani Buganda tuna amadinda, marimba ya vibao 12, watu watatu kwenye chombo kimoja. Wawili wanapokezana noti, mmoja anaingia katika nafasi za mwenzake, na wa tatu anaokota noti fulani na kuzirudia kwenye vibao viwili vya mwisho. Unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja anayeupiga. Tusianze kusema ni minimalizimu, amadinda ina mambo yake. Nasema tu kwamba masikio yetu hayaanzi sifuri. Na Reich alikwenda Ghana 1970 kujifunza ngoma za Waewe.

fundi_kanda:
Alikwenda, ila Piano Phase ilikuwa na miaka mitatu tayari. Sauti_ya_Nne, jaribu na huyo kijana wako Clapping Music ya huyo Reich ya 1972, haitaki ala. Nafasi 12, makofi 8: *pa pa pa – pa pa – pa – pa pa –*. Wewe usibadilike. Yeye arudie pamoja nawe mara kadhaa, kisha aruke nafasi moja mbele, na tena, mpaka mkutane mlipoanzia.

Sauti_ya_Nne:
Mrejesho. Tumejaribu jana jioni. Mruko wa kwanza tulivuka, wa pili nikajikuta nampigia yeye badala ya kujipigia mimi, sauti ya pili wakacheka mpaka wakakaa. Mara ya nne tulifika mruko wa tano. Kijana ameacha kubishana habari za Einaudi, sasa anabishana kwamba anayeharibu ni mimi. Mchungaji alipita akauliza kama ni pambio jipya la Jumapili.