Tupeane uzoefu: riwaya uliyomaliza karibuni, imekugusa wapi?

Nnalongo wa Ndeeba

Habari zenu ndugu zangu. Nataka tuzungumze juu ya riwaya tunazosoma siku hizi kwa hiari yetu, si zile za mtihani. Usitusimulie kitabu kizima. Tuambie kilikukuta wapi na kikakufanya nini, na kama hukukipenda sema pia. Kitabu kiwe cha Kiswahili, Kiganda au Kiingereza, sawa tu, ila hapa tuzungumze kwa Kiswahili chetu hikihiki cha Uganda.

Nianze mimi. Nimemaliza *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Kilitoka Nairobi mwaka 2014, kwa hiyo wengine mlishakisoma zamani. Mimi nilikuwa nakiogopa kwa unene wake, na zaidi kwa sababu niliambiwa ni kitabu cha laana, na mimi ni mama wa mapacha. Nilikianza ndani ya basi nikienda Masaka kumwona mama.

Kuna safari mle ndani, mwaka 1750. Kintu Kidda, Ppookino wa Buddu, yaani mkuu wa jimbo lile, anakwenda kumsalimu Kabaka mpya, mfalme wa Buganda, na njia inapita Lwera. Kijana Kalema, ambaye Kintu amemlea kama mwanawe, anachukua kibuyu cha mkubwa wake anywe. Kintu anampiga kofi. Moja tu. Mtoto anaanguka na haamki tena. Nilipofika hapo niliinua macho, na basi lilikuwa Lwera yenyewe, mapapirasi huku na huku na malori ya mchanga yamepanga foleni. Nilifunga kitabu mpaka tukafika Lukaya.

Kofi moja. Kwetu kofi ni salamu ya kumrudi mtoto, nani hajapiga? Nililelewa nalo na nimelea nalo. Lakini wasomaji wengi wa kitabu hiki nawasikia wakizungumzia laana tu, vile inavyoshuka miaka na miaka mpaka kwa akina Suubi na Miisi wa zama zetu. Mimi naona kiini hakiko hapo. Kintu anarudi nyumbani asiseme kitu. Ana mke anayempenda, Nnakato, naye hamwambii. Baba mzazi wa mtoto anangoja habari za mwanawe, haletewi. Kilichoibomoa ile nyumba ni kunyamaza, na kofi lilikuwa mwanzo tu.

Nilipofika Masaka nilimuuliza mama kuhusu kaka yangu aliyenitangulia, ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Nina miaka arobaini na mbili na sijawahi kuuliza. Mama alimenya matoke yote yaliyokuwa kwenye beseni kwanza. Kisha akaniambia.

Yaliyobaki ni yetu sisi wawili. Karibuni, tupeane.

Boda wa Kalerwe

Nnalongo, asante. Mimi hicho kitabu niliazimwa na abiria wangu mmoja, mwanafunzi wa Makerere, nikasoma kurasa za mwanzo nikakirudisha. Nitaeleza kwa nini.

Kinaanza Bwaise, Januari 2004. Viongozi wa LC, baraza la mtaa, wanakuja kumchukua kijana anaitwa Kamu, wanatembea naye, na njiani mtu anasema mwizi. Basi, imekwisha. Wanaomuua hawajui hata alichoiba, na hakuiba.

Mimi nimewahi kuitwa mwizi. Pale sokoni Kalerwe, asubuhi mapema, simu ya mtu ilipotea na mimi nilikuwa nakimbia kumuwahi abiria. Mtu akimbiaye sokoni asubuhi ni mwizi, wameshaamua. Nilipigwa tofali begani, na mpaka leo mkono huu ukipata baridi haunyanyuki vizuri. Kilichoniokoa ni mama mmoja muuza nyanya. Alisimama juu ya kreti akapiga kelele, "Huyo namjua! Ni wa steji yetu!" Sikuwa namjua yeye. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananijua kweli au alisema tu.

Kwa Kamu hakuna aliyesema "huyo namjua". Ndiyo maana nilifunga kitabu. Lakini vile umeeleza habari ya kunyamaza, nitamwomba yule mwanafunzi aniazime tena.

Nnalongo wa Ndeeba

Kaka yangu, pole sana. Endelea nacho, Kamu anarudi katikati ya habari za wengine, hakuachwa njiani. Ukifika mwisho niambie.

Mwalimu wa Tororo

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi nafundisha Kiswahili. Tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, watu huniuliza vitabu vya kiada viko wapi. Hakuna anayeniuliza mtoto akishajua kusoma atasoma nini kwa raha yake. Swali hilo linanikosesha usingizi kuliko la kwanza, maana lugha isiyosomwa kwa raha hubaki ya gwaride na ya mtihani.

Kitabu changu ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Alipopata Nobeli mwaka 2021 nilitafuta ile ya Kiingereza, nikaisoma, nikasema ni nzuri, nikaiweka kando. Kisha ikaja tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Ndugu zangu, ni kama nilikuwa nimeonjeshwa pilau iliyopoa, sasa nimeletewa sufuria lenyewe. Watu wa hadithi ile walikuwa wanazungumza Kiswahili tangu mwanzo. Kiingereza kilikuwa kimewavalisha koti tu.

Nyumbani ninakaa na mzee wangu, mstaafu wa reli. Macho yamemwacha, Kiingereza hakuwahi kukipenda. Kila jioni baada ya Isha nilimsomea kurasa kumi. Mhusika ni kijana Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz. Anadhani huyo ni ami yake na kwamba anakwenda kutembea. Dukani anamkuta kijana mwingine, Khalil, anayemfungua macho: huyu si ami yako, ni Seyyid, baba yako ana deni naye na wewe ndiwe rehani.

Mzee aliinua mkono nisimame. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mimi pia nilipelekwa."

Alipokuwa na miaka kumi baba yake alimpeleka Mbale kwa mwenye duka, akaambiwa atasomeshwa. Shule hakuiona. Alilala juu ya magunia ya chumvi miaka minne, akifagia na kubeba, na alimwita yule tajiri "ami" kwa miaka yote minne. Siku alipoondoka kwenda kutafuta kazi ya reli, ndipo alipoelewa kuwa babu yangu alikopa pale fedha za mahari. Mimi ni kifungua mimba wake, nimeishi naye karibu maisha yangu yote, na sikuwa nimesikia hata neno la habari hiyo.

Nina lawama moja kwa mwandishi, na mzee anakubaliana nami. Wanawake wa nyumba ile, bibi mwenye nyumba na Amina, tunawasikia kwa mbali mno, nyuma ya ukuta wa bustani. Najua Yusuf ndiye macho yetu na yeye hakuruhusiwa kuingia ndani. Hata hivyo nilitaka sura nzima ya Amina. Mzee alitaka mbili.

Mkulima wa Kasese

Mimi nimesoma *The First Woman* ya huyohuyo Makumbi, ile ya 2020. Mtoto Kirabo anataka kumjua mama aliyemzaa, anakwenda kwa siri kwa bibi kipofu Nsuuta, ambaye kijiji kinasema ni mchawi. Mwanzo ule wa kijijini nilifurahi sana, nikamwona dada yangu. Alipokwenda mjini na shuleni nilichoka, nikakiacha wiki tatu kahawa ilipoiva. Nilimaliza kwa ajili ya Nsuuta tu.

Msomaji wa Hoima

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Mfikishie mzee shikamoo yangu.

Changu ni *Waiting* ya Goretti Kyomuhendo, ya mwaka 2007. Ni kitabu chembamba, unaweza kukimaliza kwa siku moja, na kinasimulia kwetu Hoima, 1979, askari wa Amin wakikimbia na kupora njiani. Msichana Alinda na jamaa zake wanalala nje migombani usiku ili wasikutwe ndani. Mama yake ni mjamzito, siku zimekaribia. Hakuna vita unavyoviona kwa macho. Kuna kusubiri tu, na kuulizana nani anapika, moshi usionekane.

Mama yangu alikuwa na mimba ya dada yangu mwezi ule wa Aprili. Nilipomsimulia kitabu alicheka, akasema huyo mwandishi anajua, maana kilichowatesa zaidi migombani hakikuwa risasi. Ilikuwa ni mbu na kikohozi cha watoto. Mtoto akikohoa mnamziba mdomo. Kisha wakafika askari wa Tanzania, na mama anasema Kiswahili chao kilikuwa kingine, kilisema "tafadhali". Alikuwa hajawahi kusikia Kiswahili kikiomba.

Binti wa Bombo

Dada yangu wa Hoima, naomba niseme jambo, na nalisema kwa heshima.

Mimi ni Mnubi, na watu wetu walihesabiwa wote kuwa watu wa Amin. Hicho kitabu nimekisoma na ninakipenda, nililia mama yake Alinda alipofariki. Lakini kila riwaya ya zama zile nikiifungua, mwenye kusema Kiswahili kibaya ni mtu wetu. Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979 nchi ilishangilia, na sisi tulikimbia. Bibi yangu alitembea kuelekea kaskazini na watoto watatu, akavuka mpaka wa Sudan na wawili. Hakuwa askari. Alikuwa anasuka vikapu na kuuza kahawa.

Aliporudi alitukataza kusema Kiswahili ndani ya teksi. Mpaka nimekuwa mtu mzima, nikipanda teksi Wandegeya naagiza kwa Kiganda, ndani ya moyo nimetafsiri kwanza.

Sisemi Kyomuhendo amekosea. Msichana wa migombani anaona anachokiona. Nasema kuna msichana mwingine aliyekuwa njiani usiku uleule, na riwaya yake sijaiona dukani.

Msomaji wa Hoima

Dada wa Bombo, sikulifikiria hilo na ninakushukuru kunifikirisha. Nilipoandika ile habari ya "tafadhali" niliiona nzuri tu. Sasa naona jinsi inavyofika kwako. Nisamehe. Nimemweleza mama habari za bibi yako naye ameuliza, yule mtoto wa tatu alikuwa anaitwa nani?

Binti wa Bombo

Aliitwa Zaituni. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwambie mama asante.

Kaka wa Jinja

Nilikuwa nimekuja na changu kwa haraka, sasa nakiona chepesi mbele ya haya. Hata hivyo kinaingia humohumo.

*We Are All Birds of Uganda* ya Hafsa Zayyan, 2021. Nusu ni ya Sameer, wakili kijana wa London, nusu ni barua za Hasan, mfanyabiashara Mhindi wa Kampala, anazomwandikia mkewe aliyekwisha kufa. Barua zile ndizo kitabu. Unamwona mtu mwenye mali, mpole kwa mkewe, asiyejua jina kamili la mfanyakazi wake wa miaka mingi, halafu Agosti 1972 inafika, Amin anawafukuza Wahindi na kuwapa siku 90 za kufungasha. Mwandishi hakumficha aibu yake wala hakumnyima huruma. Upande wa Sameer ulinichosha, mapenzi yanakwenda mbio na mwisho unakatika ghafla.

Nilikulia hapa Jinja kwenye nyumba ya namna ile, yenye jina la Kihindi na mwaka vimechorwa juu ya kibaraza. Tulipanga chumba cha nyuma. Nilipokuwa mdogo Wahindi wenye nyumba walirudishiwa, tukahama. Siku ya kuhama mama mmoja wa Kihindi, mzee sana, alikuja na kugusa mwimo wa mlango wa jikoni. Palikuwa na mistari ya kisu, ya kupimia urefu wa watoto. Sisi tulikuwa tumeongeza yetu juu yake. Aliangalia yote, akamuuliza mama yangu kwa Kiswahili, "Huyu mrefu ni yupi?" Mama akanisukuma mbele.

Sameer hana ukurasa kama huo. Hasan angekuwa nao.

Boda wa Kalerwe

Jamani bei? Kitabu kipya dukani hapa mjini ni fedha ya siku mbili za kazi, na hiyo *Peponi* sijaiona kabisa.

Mwalimu wa Tororo

Yangu niliagiza kwa mtu aliyekuwa anatoka Dar. Tumeshaimaliza, haina sababu ya kukaa kabatini. Dereva wa basi la Kampala ni mwanafunzi wangu wa zamani, nitampa Ijumaa. Ila mdogo wangu, niruhusu ianzie Bombo, kwa bibi. Kisha itakuja Kalerwe.

Boda wa Kalerwe

Ianzie kwa bibi, mwalimu. Nitaichukua kituoni nimpelekee mwenyewe, nauli sitaki.

Binti wa Bombo

Imefika. Ndugu yetu wa Kalerwe aliileta imefungwa ndani ya mfuko wa sukari kwa sababu ya mvua, akakataa hata soda, lakini bibi alimkalisha akanywa kahawa.

Nimemsomea jioni nne sasa, kwa sauti, mlango wazi, na jirani wameanza kuja na vigoda. Pale penye neno la pwani asilolijua ananiuliza, mengine ananirekebisha matamshi. Jana msafara ulikuwa unafungasha kwenda bara. Bibi akauliza kama yule mtoto atarudi kwao. Nilimwambia sijafika huko. Akasema basi leo tusome kurasa ishirini.