Wakuu naombeni ushauri: mimi ni katibu wa chama cha wakazi, kiwanja cha wazi kimezungushiwa mabati. Nijiuzulu?

Mwananchi Mtulivu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Mada ni ndefu kidogo, mnivumilie, leo siku ya tatu sijalala vizuri.

Naishi Kinondoni, mtaa sitautaja. Tuna chama cha wakazi, huu mwaka wa sita, na mimi ndiye katibu. Siyo chama cha kupiga picha. Kila nyumba inatoa 3,000 kwa mwezi, na kwa hela hiyo tumezibua mtaro uliokuwa unawaingizia watu maji ndani kila masika, tumefunga taa kumi na moja, na vijana wetu wa ulinzi shirikishi wana makoti ya mvua, tochi na filimbi. Kulikuwa na baa inapiga muziki mpaka alfajiri. Tuliandika barua nne, ya nne tukaipeleka manispaa wenyewe kwa miguu, watu ishirini na kitu. Spika zikashushwa.

Sasa katikati ya mtaa kuna kiwanja. Kwenye mchoro wa mipango miji kimeandikwa eneo la wazi, hilo halina ubishi, nakala ninayo ndani. Kina mwembe mmoja. Chini yake ndipo tunapokalia misiba, watoto wanachezea mpira hapo, na mama wa vitumbua ana jiko lake hapo. Jumatatu iliyopita tumeamka tunakuta mabati ya bluu yamezunguka kote, yamepigwa usiku. Jiko la mama wa vitumbua limebaki ndani, mwenyewe anachungulia kwenye tundu la msumari.

Wanachama wameitisha mkutano wa dharura Jumapili. Swali langu ni moja: nijiuzulu kabla ya Jumapili au baada? Nina watoto na biashara, sitaki malumbano na wakubwa. Ushauri wa kistaarabu tafadhali.

Kijiwe Nongwa
Siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

Dalali Mstaafu
Mkuu, kiwanja kina ukubwa gani? Kimekaa kona au katikati? Barabara inaingiza lori?

Mwananchi Mtulivu
@Dalali Mstaafu sijauliza bei mzee.

Dalali Mstaafu
Nauliza ili nikushauri vizuri.

Bi Mkubwa wa Tabata
Mwanangu, usijiuzulu. Nyinyi vijana mnadhani mambo haya yameanza jana. Sisi Tabata Jiji lilituletea dampo. Ukianika nguo asubuhi unaanua zinanuka moshi, maana taka zilikuwa zinachomwa, na nzi usiseme, unafunika chakula na kuweka kitu kizito juu ya kawa. Wakazi wakaenda mahakamani, kesi namba 299 ya mwaka 1988, wakashinda. Jiji likawa linarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, mpaka Jaji Lugakingira akawashangaa, mamlaka ya umma inakuja kwake kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu!

Walipotoka kwetu wakahamishia Kunduchi Mtongani. Na kule wakazi zaidi ya mia saba wakafungua kesi mwaka 1991, wakashinda nao, kwa ile ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Marehemu mume wangu alikuwa anahudhuria kila tarehe. Alikuwa na suti moja ya kaunda, ya kijivu, niliipiga pasi mpaka magoti yakawa yanang'aa kama kioo. Halafu anarudi jioni ananiambia imeahirishwa. Sasa wewe mabati ya wiki moja unataka kujiuzulu?

Kijiwe Nongwa
Shikamoo bi mkubwa. Suti ya kaunda imeniua.

Mkenya Mtoro
Poleni majirani. Huku Nairobi, Januari 2015, Shule ya Msingi ya Lang'ata Road ilinyakuliwa uwanja wa kuchezea wakati wa likizo. Watoto walirudi shule wakakuta ukuta. Waliuangusha wenyewe pamoja na wanaharakati, wakarushiwa vitoa machozi wakiwa na sare zao, na uwanja ukarudi. Nyinyi mnaulizana habari za kujiuzulu!

Mchungaji wa Mwananyamala
Ndugu yangu, kiongozi wa kweli hakimbii kundi. Ila nami niseme, ile baa mliyoishusha sauti ingefungwa kabisa. Mtaa unaoruhusu pombe hauwezi kulinda kiwanja.

Wakili wa Jioni
Nimesoma mara mbili. Mleta mada, kwanza twende kwenye sheria, halafu nina swali.

Eneo la wazi halibadilishwi matumizi kwa mabati. Kuna utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, maombi yanapitia manispaa, na wakazi wana nafasi ya kuweka pingamizi. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaulize kama kuna maombi ya kubadili matumizi ya kiwanja hicho, na ombeni nakala ya viambatisho vyote. Msianzie baraza la kata mkitegemea hukumu, toka marekebisho ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu. Mkitaka kuishtaki manispaa, toka 2020 ni notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Siku 90 kwa fundi anayelipwa vizuri ni ghorofa la pili. Ndiyo maana mawakili tunakimbilia maombi ya Mareva, zuio la muda wakati notisi inahesabika.

Swali sasa. Mtu anayezungushiwa mabati kiwanja cha mtaa wake hukasirika. Wewe unaogopa. Unaogopa nini hasa?

Mwananchi Mtulivu
@Wakili wa Jioni asante sana mkuu, umenipa mwanga. Ninachoogopa ni hivyo viambatisho.

Kijiwe Nongwa
Eeeh! Sogea karibu tukusikie vizuri.

Wakili wa Jioni
Endelea.

Mwananchi Mtulivu
Nitasema, lakini msinirukie. Februari mwenyekiti aliniita, akasema kuna mwekezaji anataka kujenga fremu za biashara na juu ofisi, na manispaa wanataka kuona kwamba wakazi kupitia chama chao hawana pingamizi. Muhtasari ulikuwa tayari umechapwa, ulihitaji saini ya katibu na muhuri. Muhuri ninakaa nao mimi. Nilisaini.

Lakini muelewe mazingira. Mwenyekiti ni mtu mzima, alinisimamia mpaka ndoa yangu. Na kwa mawazo yangu kiwanja kile kingechukuliwa tu hata bila sisi. Bora kichukuliwe na sisi tupate kitu, fremu zilete ajira kwa vijana.

Shangazi Mlezi
"Sisi" ni nani?

Mwananchi Mtulivu
Mtaa kwa ujumla.

Shangazi Mlezi
Mtaa kwa ujumla umepata nini?

Mwananchi Mtulivu
Niliahidiwa fremu moja. Ya kulipia kodi, siyo ya bure! Ila bila kilemba, ile hela ya kuingilia kwenye fremu.

Dalali Mstaafu
Kilemba cha fremu Kinondoni ni hela ndefu, kijana. Hiyo ni bure yenye mapambo.

Shangazi Mlezi
Fremu moja?

Mwananchi Mtulivu
Mbili. Ila ya pili ni ya shemeji yangu, alijiombea mwenyewe.

Kijiwe Nongwa
Umeuza mechi halafu unaomba ushauri utoke uwanjani dakika ya ngapi 😂😂

Mchungaji wa Mwananyamala
Tamaa.

Baba Kizimkazi
Mimi nilikuwa mhazini wa kikundi chetu cha mtaa miaka minne, sikuwahi kula hata shilingi, na bado niliitwa mwizi kwa sababu nilinunua pikipiki. Pikipiki nilinunuliwa na kaka yangu yuko Muscat. Nilileta mpaka risiti za kutumiwa hela, wakasema nimechapa. Kwa hiyo mleta mada, kama kuitwa mwizi utaitwa tu, angalau wewe umepata fremu.

Wakili wa Jioni
Tuache fremu kwanza. Muhtasari wa mkutano unakuwa na orodha ya mahudhurio. Mkutano huo ulifanyika?

Mwananchi Mtulivu
Kikao cha viongozi kilifanyika.

Wakili wa Jioni
Watu wangapi?

Mwananchi Mtulivu
Wawili.

Wakili wa Jioni
Na orodha ina majina mangapi?

Mwananchi Mtulivu
Sitini na nne.

Shangazi Mlezi
Subhanallah.

Mwananchi Mtulivu
Naona mmeshanihukumu. Basi niseme yote niwe mwepesi. Orodha ilitoka kwenye daftari la misiba. Mwenyekiti alisema hao ndio wanachama hai, na kweli ndio hao hao. Tulitoa kopi kurasa mbili, tukafunika safu ya mchango kwa karatasi nyeupe. Ila karatasi ilikaa upande, ukikaza macho pembeni ya nakala unaona visifuri vya 5,000 na 10,000.

Kinachoninyima usingizi siyo hicho. Msiba wa kurasa zile ulikuwa wa Oktoba. Mzee namba 14 kwenye orodha alifariki Desemba, na matanga yake tuliyakalia chini ya mwembe ule ule. Mkutano kwa mujibu wa muhtasari ni wa Februari. Mwanawe wa kiume ndiye anayepiga kelele kuliko wote kwamba Jumapili lazima tuone karatasi za manispaa.

Kipara Ngoto
Hii chai. Tena ya rangi, iliyokolea tangawizi. Nimejizuia toka ukurasa wa kwanza. Mabati ya bluu, mwembe, mama wa vitumbua anachungulia tunduni, sasa marehemu kahudhuria mkutano. Akaunti imefunguliwa juzi, ina ujumbe kumi na mmoja na wote uko humu. Na swali la kitoto kabisa: daftari la misiba lina saini tangu lini? Kwetu tunaandika jina na hela, basi.

Kijiwe Nongwa
Kipara kaja na mafaili. Nami nilijiuliza hilo la saini.

Baba Kizimkazi
Kama ni chai, nirudishieni simulizi yangu ya pikipiki.

Dalali Mstaafu
Chai au siyo chai, hajajibu kiwanja kina ukubwa gani. Mtu anayeishi hapo angejua.

Mkenya Mtoro
Wacheni, hata kama ametunga, mambo ya wafu kuhudhuria vitu tunayajua sana huku.

Bi Mkubwa wa Tabata
Mnamwita mwongo kwa sababu gani? Mtunzi angejitungia uongo wa kumpamba, asingejitia aibu ya fremu mbili.

Mwananchi Mtulivu
@Kipara Ngoto nimefungua akaunti juzi kwa sababu tatizo limeanza juzi, ulitaka nijiandae mwaka jana? Saini zipo. Mwaka wa pili wa chama mhazini alisema bibi mmoja hajatoa, bibi akasema katoa, ikawa ugomvi msibani, maiti iko ndani, watu wanarushiana maneno jikoni. Tangu siku ile anayetoa anasaini, asiyejua kuandika anaweka dole. Kwenye nakala iliyopelekwa manispaa kuna madole saba ya wino wa zambarau, na wino huo ni wa muhuri wetu.

@Dalali Mstaafu hatua arobaini na mbili kwa thelathini. Nilizihesabu mwenyewe tulipochora uwanja wa watoto kwa chokaa.

Dalali Mstaafu
Sawa, huyu anakaa hapo.

Kipara Ngoto
Bado nina mashaka, ila hilo la madole nimelipenda.

Wakili wa Jioni
Iwe kweli au chai, jibu ni lile lile, kuna mwingine atalihitaji.

Kughushi nyaraka ni kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu inakwenda hadi miaka saba. Fremu kwa ajili ya saini ni rushwa, hilo ni la TAKUKURU, namba yao ya bure ni 113. Tafuta wakili wako mwenyewe kesho, siyo Jumamosi usiku, na usiongee na mwenyekiti kwa simu. Kama unataka kutoka salama, uwe wa kwanza kusema, kabla mtoto wa namba 14 hajaweka cheti cha kifo mezani pamoja na orodha yako.

Na kwa upande wa kiwanja, huyo marehemu ndiye shahidi wenu mkubwa. Muhtasari wenye mtu aliyekufa miezi miwili kabla hausimami popote. Je, chama kina wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini?

Mwananchi Mtulivu
Tuna cheti cha msajili wa vyama tu. Wadhamini tulisema tutafanya mwakani, kila mwaka.

Wakili wa Jioni
Basi chama hakiwezi kushtaki kwa jina lake. Wataenda wakazi wachache kwa niaba ya wenzao, kwa ruhusa ya mahakama, Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Na mtahitaji orodha ya wakazi na saini zao. Za kweli safari hii.

Shangazi Mlezi
Daftari la misiba liwekwe mbali na katibu.

Mwananchi Mtulivu
Nimewaelewa wote, hata walionitukana. Nimekaa na mke wangu tumeongea. Naona nijiuzulu, lakini kwa heshima. Naomba kuuliza la mwisho kwa @Wakili wa Jioni: barua ya kujiuzulu nikiandika tarehe ya Januari, ionekane niliondoka kabla ya huo mkutano wa Februari, itanisaidia?

Wakili wa Jioni
Kaka.

Kijiwe Nongwa
😂😂😂 Muhuri anao bado, msisahau.

Dalali Mstaafu
Hizo fremu mbili akiziachia, mwenye namba ya huyo mwekezaji anipe pembeni.