Gemu nililolipia ni langu, au nimekodi?

Fundi wa Shela: Jamani, nina kibanda cha PlayStation hapa Malindi. Vijana wananisumbua niwawekee gemu za wizi kwenye flashi. Mimi nanunua CD halali, hata ikikwaruzika naipangusa na kanga tunaendelea. Ila Ubisoft, kampuni ya gemu, walizima seva za The Crew, gemu la mbio za magari lililochezwa mtandaoni tu, mwaka 2024, waliolipa wakabaki mikono mitupu. Mwizi nani hapo?

Bin Omar: Hata CD yake haifui dafu, kaka. Unauziwa leseni tu. Kule California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika 2025 inamtaka muuzaji wa dijitali aseme hivyo waziwazi.

Mama Zuu: Leseni au si leseni, wizi ni wizi. Aliyeliunda ana watoto.

Fundi wa Shela: Naam dada, lakini muuza samaki gani humfuata mteja jikoni akabeba sufuria?