Mjadala: Akili mnemba iingie kwenye somo la uainishaji, au ingoje?

Rafu ya Juu: Mwanafunzi wa ukutubi wa mwaka wa kwanza aruhusiwe kutafuta namba ya Dewey, ile inayopanga vitabu vya maktaba kwa mada, kwa ChatGPT? Napinga. Namba hizi hujengwa, hazikaririwi. Chukua kitabu kuhusu maktaba za Tanzania. Programu huweza kukamata 027 ya maktaba, ikachomeka 09 ya mahali, ikamalizia na 678 ya Tanzania: 027.09678. Inapendeza machoni, lakini ni kosa. Maelekezo chini ya 027 yanataka namba ya nchi ifuate 027.0 moja kwa moja, yaani 027.0678. Kwa elimu nchini Tanzania, 370.9678 ni sawa kabisa. Asiyezoea kusoma maelekezo hayo hawezi kujua 09 inaingia wapi na wapi haiingii.

Jedwali la Pili: Mkuu, kosa hilo mwanafunzi hulifanya hata bila kompyuta. Basi litumike kufundishia. Wape rekodi kumi zilizotolewa na programu wazisahihishe, na kila sahihisho litaje maelekezo yanayolithibitisha. Iwemo kamusi ya Kiswahili, 496.3923. Ikisomeka 896.3923 imeshakuwa riwaya.

Mama Katalogi: Dewey afadhali. Balaa liko kwenye vichwa vya mada, yale maneno rasmi yanayotaja kitabu kinahusu nini. Programu hutunga kichwa kinachosikika vizuri, ikakiweka kwenye 650, sehemu ya mada katika MARC 21 (muundo wa rekodi za vitabu kwenye kompyuta), na kiashiria cha pili, tarakimu inayotaja chanzo cha kichwa, ikakiandika 0. Hiyo sifuri inadai kwamba kichwa kimetoka kwenye orodha ya Maktaba ya Kongresi ya Marekani. Ni uongo wa tarakimu moja, na Koha, mfumo wa kompyuta wa maktaba, itaupokea bila kelele kama hujaunganisha sehemu hiyo na faili la vichwa vilivyothibitishwa. Fungua id.loc.gov, tovuti ya maktaba hiyo, ni bure, nakili kichwa kilivyo. Kisipokuwepo, tafuta kilicho karibu. Ukiamua kubaki na chako, kiashiria kiwe 4, yaani chanzo hakikutajwa.

Rafu ya Juu: Sawa, wasahihishe, ila muhula wa pili. Na watasahihishia nini, ndugu zangu? WebDewey, yaani Dewey ya mtandaoni, inalipiwa. Idara isiyo nayo hutegemea toleo la 23 la Dewey lililochapishwa mwaka 2011, juzuu nne. Darasa la watu themanini wakigombea juzuu hizo, mvivu atairudia programu ileile aiulize kama ilikosea, nayo itaomba radhi na kumpa namba nyingine ya kubuni.

Jedwali la Pili: Basi kamusi naiondoa, zoezi lifungwe kwenye 027, 370 na Jedwali la 2 la Dewey (lenye namba za mahali) tu, kwa zamu maktabani, vikundi vya watu watano. Na alama zitolewe kwa maelezo, namba ipewe moja tu kati ya tano.